Mlango wa Nyuma Usifungwe Kufuli: Kutoka Njia ya Misafara ya Tabora hadi Ukumbi wa Harusi Yako



Ukimtajia Mzanzibari jina la Mtendeni, mawazo yake yanakwenda moja kwa moja Mji Mkongwe. Lakini iko Mtendeni nyingine, mbali sana na bahari, katika mji wa Tabora. Huko ni kata, na jirani zake ni Gongoni na Ng'ambo. Majina ya pwani yamekaa katikati ya nchi ya Wanyamwezi kwa sababu moja: njia ya misafara. Kwa miaka mingi ya karne ya 19 watu walitoka pwani ya Bagamoyo, wakatembea takriban kilomita 800 kwa miguu mpaka Unyanyembe, ambako leo ni Tabora, na wengine wakaendelea mpaka Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika.

Leo hatuendi Tabora kuzungumzia pembe wala nguo za merikani. Tunakwenda kuzungumzia jambo ambalo linamhusu kila bi harusi anayesoma hapa, kila mama wa bi harusi na kila somo: watu wengi wakikusanyika mahali pamoja, wanatokaje likitokea la kutokea? Mji huo mmoja una historia mbili. Ya kwanza ni ya watu waliojua kuwaongoza mamia katika njia nyembamba. Ya pili ni ya huzuni, na iko karibu nasi kuliko tunavyodhani.

Siku ya Idi, Tabora, 2008

Tarehe 1 Oktoba 2008 ilikuwa Idi el Fitri. Watoto wa Tabora walivaa nguo mpya, wakapewa vijisenti vya sikukuu, na wengi wakaelekea kwenye disko la watoto katika ukumbi mmoja wa mjini. Ukumbi ulijaa kupita kiasi. Hewa ikawa haitoshi, watoto wakabanana, na watoto wapatao 20 wakafariki. Wengine wengi walipelekwa hospitali. Siku ya furaha ikageuka siku ya kuosha maiti wadogo wadogo.

Hapakuwa na moto wala mtetemeko wa ardhi. Hapakuwa na mtu mwenye silaha. Kilichowaua watoto wale ni wingi wao ndani ya nafasi isiyowatosha. Tokea hapo, kila sikukuu inapokaribia, tumezoea kusikia polisi wa mikoa mbalimbali wakitangaza marufuku ya disko toto, na wapo wanaolalamika kuwa watoto wananyimwa raha yao. Wanaolalamika pengine hawajui habari ya Tabora.

Na Tabora haikuwa ya mwisho. Tarehe 1 Februari 2020 huko Moshi, watu 20 walifariki kwa kukanyagana katika mkutano wa ibada wa ndugu zetu Wakristo, umati ulipokimbilia mafuta yaliyobarikiwa. Mwezi Machi 2021, Dar es Salaam, watu 45 walifariki wakati wananchi walipofurika Uwanja wa Uhuru kumuaga Rais Magufuli. Watoto waliokwenda kucheza, watu waliokwenda kusali, watu waliokwenda kuaga maiti. Hakuna aliyetoka nyumbani kwa nia mbaya.

Tunalitaja hilo mapema kwa sababu baada ya kila msiba wa namna hii huja neno moja: "Watu walitaharuki." Kana kwamba kosa ni la marehemu. Historia na elimu vinatuambia tofauti.

Kirangozi mbele, wenye msafara nyuma

Turudi nyuma kwenye njia ya misafara. Mwaka 1857 Mwingereza Richard Burton na mwenzake Speke waliondoka pwani mwezi Juni, wakafika Kaze, yaani Tabora ya zamani, tarehe 7 Novemba. Njiani Burton aliandika kwa urefu namna msafara ulivyokwenda. Maneno yake juu ya Waafrika mara nyingi ni ya dharau na hatuyakubali, lakini macho yake yaliona mengi.

Aliona kuwa mbele ya wote alitembea kirangozi, na bendera ikapeperushwa mbele ili wa nyuma waione. Ngoma na baragumu vilitoa habari: sasa tunaondoka, sasa tunatua. Hakuna aliyeruhusiwa kumpita kirangozi. Aliyempita alinyang'anywa mshale wake, na wakifika kambini ilimbidi aukomboe. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi wenye mizigo ya kiasi cha frasila mbili, walifuata mmoja nyuma ya mwingine kwa sababu njia yenyewe ilikuwa na upana wa mtu mmoja. Walikuwamo wanawake pia, wamebeba vyungu na watoto mgongoni. Nyuma kabisa walikuja wenye msafara na watu wa bunduki, wakiangalia asibaki mtu.

Na njia zilipogawanyika, kirangozi hakuwaachia wa nyuma wabahatishe. Njia isiyopitwa aliifunga kwa majani, au alipiga mstari ardhini kwa mguu. Aliyekuja nusu saa baadaye, hata kama haoni mtu mbele yake, alijua asipite hapo. Hiki ndicho kibao cha "Njia ya Kutokea", miaka mingi kabla ya umeme.

Jambo lililotufurahisha zaidi ni habari ya misafara miwili ikikutana uso kwa uso katika njia hiyo hiyo nyembamba. Viongozi wawili walisogeleana kwa madaha kama wachezaji ngoma, kisha wakapigana vikumbo vya kichwa kama kondoo dume, na wapagazi wao wakafuata kwa vurugu za utani. Kama hapana uadui, mwisho wake ni kicheko, na msafara wenye nguvu ndogo unapisha. Kwa nje ni mchezo. Kwa ndani ni kanuni: watu wakienda pande mbili katika njia moja, lazima ijulikane nani anapita na nani anasubiri. Tuliweke moyoni hilo, tutalihitaji tukifika Mina.

Hatuisifu njia ile kupita kiasi. Katika njia hiyo hiyo walipita wanawake na wanaume waliofungwa minyororo shingoni, wakishushwa pwani na kuletwa kuuzwa katika visiwa vyetu. Kwa aliyefungwa, nidhamu ya msafara haikuwa usalama. Aliyefungwa kwa mnyororo mmoja na wenzake hawezi kukimbia hata njia ikiwa wazi. Hilo nalo ni somo juu ya kufuli na aliyeshika ufunguo.

Tembe na mlango mmoja

Mwezi Agosti 1871 nidhamu ile ilivunjika. Mtemi Mirambo wa Urambo alikuwa ameifunga njia ya kwenda Ujiji, na Waarabu wa Tabora walikwenda kumpiga. Henry Stanley, aliyekuwa njiani kumtafuta Livingstone, alifuatana nao. Waliteka kijiji kimoja, kisha kundi lao moja likaviziwa porini wakati likirudi na ngawira. Habari zilipofika kwa waliobaki, msafara ukaacha kuwa msafara. Kila mmoja alishika njia yake usiku, na wagonjwa wakaachwa nyuma. Stanley mwenyewe alikuwa na homa, nusura awe miongoni mwa walioachwa.

Tarehe 22 Agosti Mirambo na washirika wake Watuta waliingia Tabora yenyewe. Khamis bin Abdallah, mmoja wa wakubwa wa Waarabu, alitoka kupambana nao akauawa. Sehemu ya mji ikachomwa, na watu wakakimbilia Kwihara, kilomita chache tu kutoka hapo. Kwihara Stanley alikuwa amekaa katika tembe, ile nyumba ya udongo yenye paa bapa na kuta nene. Aliwaamuru watu wake watoboe matundu ya bunduki ukutani na waweke akiba ya maji, wakingoja shambulio ambalo halikufika.

Tembe ni nyumba ya akili nyingi. Mlango wake mkubwa ni mmoja, kuta zake zinazunguka ua, na adui wa nje hana pa kupenya. Nyumba zetu za Mji Mkongwe zina busara ya namna hiyo hiyo: mlango mmoja mzito wa kuchonga, ukuta mnene, na wanawake ndani kwa ndani wamehifadhika. Wazee wetu walijenga wakijua hatari inatoka nje.

Lakini ukumbi uliojaa watu una hatari ya namna nyingine. Hatari yake huanzia ndani: chetezo kimeanguka, waya umeungua, mtu amezirai, umeme umekatika na watoto wakalia. Hapo ule mlango mmoja uliokuwa ngao unakuwa mtego. Sisi tumerithi fikra ya tembe, kwamba usalama ni kufunga, tukaipeleka katika kumbi za watu mia nne bila kujiuliza.

Wataalamu walivyoona Mina

Nani aliyewafanya wataalamu wa dunia wauchunguze umati kwa makini? Kwa sehemu kubwa ni sisi Waislamu, kwa misiba yetu ya Hija.

Tarehe 2 Julai 1990 mahujaji 1,426 walifariki katika njia ya chini kwa chini ya al-Muaysim, Mina. Tarehe 12 Januari 2006 wakafariki zaidi ya 340 kwenye Daraja la Jamarat. Tarehe 24 Septemba 2015, palipokutana barabara mbili za Mina, walifariki wengi zaidi. Serikali ya Saudia ilitaja 769, na mashirika ya habari yaliyojumlisha takwimu za nchi moja moja yalipata zaidi ya 2,400. Miongoni mwao walikuwamo mahujaji kutoka Tanzania. Allah awarehemu wote.

Baada ya msiba wa 2006, mtaalamu wa fizikia Dirk Helbing na wenzake, mmoja wao kutoka Saudia, walichunguza picha za kamera zilizokuwa zikirekodi daraja siku ile. Waliona kitu ambacho jicho la mtu aliye ndani ya umati haliwezi kukiona. Kwanza watu walikwenda vizuri. Kisha wakaanza kwenda na kusimama, kwenda na kusimama, kama magari kwenye foleni. Halafu umati ukaanza kutikisika kwa mawimbi yasiyo na mwelekeo, ukiwabeba watu huku na kule bila hiari yao. Hapo mtu hatembei tena, anasukumwa kama aliye baharini.

Kipimo chake ni rahisi kukumbuka. Chora kwa akili mraba wa mita moja kwa mita moja sakafuni. Wakisimama humo watu wawili, kila mmoja anapita bila kugusana. Wakifika wanne au watano, mwendo unakuwa mgumu. Wakifika sita, saba au zaidi, miili inagusana pande zote na msukumo wa mmoja unapita kwa mwingine mpaka mbali. Katika hali hiyo wengi hufa wakiwa wamesimama, kwa kuwa kifua hakipati nafasi ya kupanuka na kuvuta pumzi. Ndiyo maana tunasema "walikanyagana", kumbe mara nyingi walibanwa.

Helbing na wenzake wengine walikuwa wamekwisha kuandika mwaka 2000 juu ya modeli ya kompyuta inayoonesha watu wakitoka chumbani kwa mlango mmoja. Matokeo yake yanashangaza: kadiri kila mtu anavyozidi kukimbilia mlango, ndivyo chumba kinavyochelewa kutoka watu. Miili hujipanga kama upinde mbele ya mlango, wakazibana wenyewe kwa wenyewe, na mlango ambao ungepitisha mmoja mmoja kwa haraka unaziba. Haraka haraka haina baraka, wazee wetu walisema bila kompyuta.

Na ile taharuki inayolaumiwa kila mara? Watafiti wa majanga, tangu Enrico Quarantelli katika karne iliyopita, wameona kuwa watu wengi kwenye hatari hawageuki wanyama. Wanasaidiana, wanashikana mikono, wanatafuta jamaa zao. Katika moto wa jumba la starehe la Summerland kwenye Kisiwa cha Man, Agosti 1973, walifariki watu 50. Mtafiti Jonathan Sime aliposoma maelezo ya walionusurika, aliona kuwa wazazi waliokuwa mbali na watoto wao hawakukimbilia nje, waliwatafuta watoto kwanza. Aliona pia kuwa watu huelekea mlango wanaoujua, hasa ule walioingilia, hata kama uko mwingine ulio karibu zaidi.

Tafakari hilo kwa sherehe zetu. Wageni mia nne wameingia kwa mlango wa mbele. Watoto wao wako chini ya jukwaa wanacheza na maputo. Likitokea la kutokea, kina mama watakwenda jukwaani kutafuta watoto, na wengine watakwenda mlango wa mbele, wote kwa wakati mmoja, wakipishana katika njia ile ile kati ya meza. Ni misafara miwili imekutana njia moja, na hapana kirangozi.

Baada ya 2006 Daraja la Jamarat lilibomolewa likajengwa jipya la ghorofa kadhaa, na njia ya kuingia ikatengwa na njia ya kutoka. Yaliyotokea 2015 yalitokea barabarani, palipokutana makundi mawili, si juu ya daraja jipya. Somo ni kwamba jengo zuri linasaidia, na linataka mpango wa watu pia.

Sunna ya utulivu

Huenda mwenzetu mmoja akasema: ajali ni kadari ya Allah, haya mengine ni ya wazungu. Kadari tunaiamini. Lakini tutazame Hija ya Mtume wetu, rehema na amani zimshukie.

Alipoondoka Arafa, umati mkubwa ukiwa pamoja naye, alivuta hatamu za ngamia wake Qaswa kwa nguvu mpaka kichwa kikakaribia tandiko, na kwa mkono wake akawaashiria watu watulie. Hakungoja wabanane kwanza. Na Muzdalifa usiku, mama yetu Sauda bint Zam'a, aliyekuwa mzito wa mwili na mwendo wake wa polepole, alimwomba ruhusa aondoke mapema kabla ya msongamano wa watu, naye akamruhusu. Aliwatanguliza pia wanyonge wa nyumba yake, na Ibn Abbas, akiwa bado kijana, alikuwa miongoni mwao. Mama yetu Aisha baadaye alitamani angaliomba ruhusa kama Sauda.

Dada zetu, angalieni yaliyomo hapa. Umati kupunguzwa kwa kuondoka makundi kwa makundi. Wasioweza kwenda haraka kupewa nafasi kwanza. Kiongozi kuonekana na kutoa ishara ya utulivu. Yote haya ndiyo yanayofundishwa leo kwa wanaosimamia mikusanyiko mikubwa. Na mwanamke ndiye aliyeomba. Sauda hakuona haya kusema: mimi ni mzito, niruhusu nitangulie.

Sitara na kufuli

Sasa tufike penye neno letu lenyewe.

Si muda mrefu tulikuwa kwenye sherehe ya wanawake katika ukumbi mmoja. Wenyewe walipendeza, bi harusi alipendeza, udi ulifuka mpaka nje. Tulipouliza mlango wa nyuma uko wapi, tulioneshwa pazia zuri la satini. Nyuma ya pazia kulikuwa na mlango, na kwenye mlango kufuli. Ufunguo alikuwa nao kijana aliyekwenda kununua barafu. Tulipouliza kwa nini umefungwa, jibu lilikuwa la nia njema kabisa: "Ili wanaume wasichungulie."

Nia hiyo tunaielewa. Sitara ni haki ya kila aliyevua baibui ukumbini akijua yuko na wanawake wenzake. Hatumwambii mtu ailegeze. Tunachosema ni kuwa kufuli si sitara. Mwanamke aliyesimama mlangoni ni sitara. Pazia zito ni sitara. Kizingiti cha ndani kinachomzuia wa nje asione ni sitara. Kufuli ni kufuli, na haimjui mchunguliaji wala mama mwenye mtoto mgongoni.

Ulimwengu wa Kiislamu umelipa gharama ya kuchanganya mambo haya mawili. Tarehe 11 Machi 2002 moto ulizuka katika shule ya wasichana Makka, na wanafunzi 15 walifariki. Milango ilikuwa imefungwa, kama ilivyokuwa desturi ya kuwahifadhi wasichana. Magazeti ya Saudia yenyewe yaliandika kuwa wapo waliozuia wasichana wasitoke bila abaya, na serikali ikakanusha kuwa hilo ndilo lililosababisha vifo. Lisilo na ubishi ni kwamba baada ya msiba ule usimamizi wa shule za wasichana ulihamishiwa Wizara ya Elimu.

Kisha Kuwait, tarehe 15 Agosti 2009, mji wa Jahra. Hema la harusi la wanawake na watoto lilichomwa kwa makusudi. Hema lilikuwa na njia moja ya kutokea, na kwa dakika chache tu likawa limeteketea. Walifariki watu 57. Na tarehe 26 Septemba 2023, Hamdaniya nchini Iraq, fataki za ndani ya ukumbi ziliwasha mapambo na dari wakati maharusi wanacheza, wakafariki zaidi ya watu 100. Tunazitaja fataki hizo kwa sababu siku hizi nasi tunaziwasha bi harusi anapoingia, chini ya vitambaa vilivyoning'inizwa darini.

Fanyeni hesabu nasi. Mlango wenye upana wa mita moja, watu wakitoka kwa utulivu, hupitisha kiasi cha watu 75 kwa dakika. Wageni 400 kwa mlango mmoja ni zaidi ya dakika tano. Kwa milango miwili ni chini ya dakika tatu. Hiyo ni bila kuhesabu gauni lenye mkia, viatu vya visigino virefu, bibi mwenye mkongojo na watoto wanaotafutwa. Dakika mbili na nusu za tofauti ndiyo thamani ya ule ufunguo alioondoka nao kijana wa barafu.

Kwa bi harusi na mama yake

Kabla ya kulipa amana ya ukumbi, nendeni mkaangalie wenyewe, msitume picha za simu tu. Ulizeni haya:

Ukumbi unaruhusiwa watu wangapi? Kadi zenu zisizidi hapo, na msisahau kuwahesabu watoto, maana watoto ndio wasiohesabika kwetu. Wale wa Tabora walikuwa watoto.

Milango iko mingapi, na iko pande tofauti? Milango miwili iliyo upande mmoja ni kama mmoja. Je, inafunguka kwa nje na bila ufunguo kwa aliye ndani? Mlango unaofunguka kwa ndani huzibwa na watu wenyewe wakisukumana.

Mpambaji ataweka wapi jukwaa, mapazia na meza? Mwambieni mapema kuwa mlango wa dharura haufunikwi. Ukifunikwa kwa ajili ya sitara, pazia liwe la kusukuma na kibao kionekane juu yake.

Wekeni wanawake wawili katika kila mlango, wanaojulikana, wasiohama kwenda kupiga picha. Hao ndio virangozi wenu. Kazi yao ni mbili: asiingie asiyestahili, na likitokea la kutokea wafungue na kuita watu kwa jina kwenda kwao. Jirani na kila mlango pawe na kikapu cha kanga. Mwanamke akitoka ghafla bila baibui, anapewa kanga akiwa tayari nje, si kuzuiwa ndani. Kwa njia hii sitara na uhai havigombani.

Watoto wawe na pembe yao na mtu mzima wa kuwaangalia, na kila mama aambiwe ni nani na mlango gani watatokea. Mama akijua mtoto wake anatolewa, hatarudi ndani kumtafuta.

Somo au mwenye kipaza sauti atangaze mwanzo wa sherehe, baada ya dua: "Milango ni huu na huu." Sekunde kumi tu. Hakuna harusi iliyoharibika kwa maneno hayo.

Vyetezo viwekwe juu ya kitu kisichopinduka, mbali na vitambaa. Fataki za ndani ziachwe. Na mwisho wa sherehe, kabla ya kila mtu kukimbilia mlango kwa ajili ya usafiri, waacheni wazee, wajawazito na wenye watoto watoke kwanza. Hiyo ni ruhusa ya Sauda.

Tukirudi Mtendeni

Wapagazi wa Unyamwezi walikwenda miezi kadhaa kwa njia yenye upana wa mtu mmoja, na mamia wakafika kwa sababu kila mmoja alijua nani yuko mbele, nani yuko nyuma na njia ipi imefungwa. Miaka 150 baadaye, katika mji huo huo, watoto waliingia chumba kimoja siku ya Idi na hapakuwa na aliyewahesabu.

Wale watoto wangekuwa leo watu wazima. Baadhi yao wangekuwa maharusi, wanachagua rangi za mapambo kama wewe. Tuwaombee wao na wazazi wao, na tuwaheshimu kwa tendo dogo: wiki hii, kila mmoja wetu aliye na harusi mbele yake aende ukumbini, avute pazia la nyuma, asukume mlango kwa mkono wake. Ukifunguka, aseme alhamdulillah. Usipofunguka, asilipe mpaka ufunguke.